Ukiuziwa Gari Bovu, Haki Yako Iko Katika Karatasi, Si Katika Bunduki

Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Bujumbura kwenda Rumonge anaijua barabara ya ziwani. Ni safari ya kilomita 70 na ushei. Mlima huwa mkono wa kushoto, Ziwa Tanganyika mkono wa kulia, na kati yake hupita magari madogo yaliyosheheni abiria, makapu ya ndagala na madumu ya mawese. Kabezi, Gitaza, Magara, Minago: ni nadra kupita njia hiyo bila kuona gari limesimama pembeni, kifuniko cha injini kimeinuliwa na dereva ameshika kiuno. Wengine kati ya madereva hao hawakuliharibu gari lao. Walilinunua likiwa limekwisha kuharibika, ila hawakuambiwa.

Makala haya twayaelekeza kwa askari wa Jeshi na wa Polisi, walio kazini na waliostaafu. Tangu Desemba 2007 hadi misheni ya Umoja wa Afrika iliyoitwa ATMIS ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2024, maelfu ya wanajeshi wa Burundi walitumikia Somalia. Waliorudi salama walirudi na akiba. Wako waliojenga, wako walionunua mashamba, na wako waliotia fedha yote katika gari moja lililokwisha kutumika, wakitumaini kwamba litawalisha watoto. Gari la namna hiyo likifa, si chuma tu kilichokufa. Ni mwaka mzima wa jasho na hatari uliozikwa kando ya njia.

MKASA WA SAJINI

Tunaye mwenzetu mmoja, mwenye cheo cha sajini, ambaye ametuomba tusimtaje jina. Alirudi kutoka misheni, akamwendea mfanyabiashara wa magari katika jiji la Bujumbura, akachagua gari dogo la mizigo na abiria lililotengenezwa Japani. Rangi iling'aa, viti vilinukia upya, na mita ilionyesha kilomita chache. Muuzaji alimwambia kwamba gari lilikuwa limewasili karibuni kwa njia ya Dar es Salaam na kwamba halijawahi kufunguliwa hata boliti moja. Sajini alilizunguka mara mbili, akaliwasha, akasikia linaunguruma vizuri, akalipa. Alipewa stakabadhi ya mistari minne, akatia sahihi bila kuisoma.

Wiki ya tatu, akitoka Rumonge na shehena ya ndagala, gari lilianza kuchemka baada ya Minago. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja kisha zikazimika. Ndagala zilioza kabla hajapata gari la kumvuta. Alilifikisha Buyenzi, mtaa ambao mafundi wake wanajulikana nchi nzima. Fundi alipoinua zulia la sakafuni alikuta tope kavu. Alipofungua viunganishi vya nyaya alikuta kutu ya kijani. Reli za viti zilikuwa zimeliwa, na gasketi ya silinda ilikuwa imepakwa gundi ili ishikilie siku mbili tatu. Gari lile lilikuwa limelala majini.

Jambo hilo si la kustaajabisha katika pwani yetu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia katika makazi na sehemu za biashara kando ya ufuko. Maji yakishuka, mwenye nyumba hawezi kuificha nyumba yake. Lakini mwenye gari anaweza kulianika, kulipaka rangi na kulitia sokoni.

Sajini alipopiga simu, muuzaji alimjibu kwa maneno machache: "Gari limekwisha kuwa lako. Soma karatasi yako." Ndipo alipoisoma kwa mara ya kwanza. Mstari wa mwisho ulisema kwamba gari limeuzwa kama lilivyo, na kwamba muuzaji hana dhamana yoyote.

Usiku ule alikusudia kwenda dukani asubuhi pamoja na wenzake wawili, wakiwa wamevaa sare. Aliyemzuia ni mwanajeshi mkongwe wa kikosi chake. Alimwambia: "Mdogo wangu, kesho utaingia pale ukiwa mtu mwenye haki, na utatoka ukiwa mtu mwenye kosa. Mpe nani faida hiyo?" Sajini alikaa kitako. Maneno hayo ndiyo yaliyomwokoa, kama tutakavyoona.

SHERIA INASEMAJE

Watu wengi huamini kwamba gari lililokwisha kutumika halina haki yoyote. Ukilinunua umelinunua, na hasara ni yako. Imani hiyo si ya kweli. Kanuni za mikataba zilizoingia Burundi wakati wa utawala wa Kibelgiji zinatokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye ikatumiwa Ruanda-Urundi. Chimbuko lake ni sheria ya raia ya Ufaransa ya mwaka 1804. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 msingi huo haukutupwa. Jirani zetu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, nao wamerithi dekreti hiyo hiyo.

Msingi wenyewe ni huu. Muuzaji anadaiwa dhamana kwa kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza, ikiwa kasoro hizo zinakifanya kisifae kwa kazi iliyokusudiwa, au zinaipunguza kazi hiyo kiasi kwamba mnunuzi, lau angalijua, asingalikinunua au angalitoa bei ndogo zaidi. Sheria haikusema kitu kipya wala haikusema kikuukuu. Imesema kitu kilichouzwa.

Yafaa tuyapime maneno hayo, kwa kuwa kila neno lina uzito wake.

Kwanza, kasoro sharti iwe imefichika. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe si juu ya muuzaji. Tairi lililokwisha, kioo kilichopasuka, mlango usiofunga: hayo ni ya macho, na aliyeyaona akanyamaza ameyakubali. Tope chini ya zulia na gundi ndani ya injini ni jambo jingine.

Pili, kasoro sharti iwe nzito. Gari lenye umri wa miaka 15 haliwezi kuwa kama jipya, na uchakavu wa kawaida ni sehemu ya bei. Klachi iliyochoka baada ya miezi kadhaa ya mizigo si hila ya mtu. Injini iliyozama majini, au chesisi iliyokatwa ikaungwa baada ya ajali, hiyo ndiyo kasoro ambayo sheria inaizungumzia.

Tatu, kasoro sharti iwe ilikuwapo kabla ya mauzo. Hapa ndipo mashauri mengi huanguka. Ukiligonga gari wewe mwenyewe katika kona za Magara, au ukiliendesha bila oili, hasara ni yako. Mzigo wa kuthibitisha kwamba ubovu ulikuja na gari uko juu ya mnunuzi.

NJIA MBILI ZA MNUNUZI

Akishathibitisha hayo, mnunuzi ana hiari ya njia mbili. Anaweza kulirudisha gari na kurudishiwa bei yake. Au anaweza kubaki na gari na kurudishiwa sehemu ya bei, kwa kadiri wataalamu watakavyokisia. Chaguo ni la mnunuzi, si la muuzaji. Muuzaji akisema, "Niletee nikutengenezee bure," unaweza kukubali ukipenda, lakini hulazimishwi.

Kisha sheria humtazama muuzaji moyoni: je, alijua au hakujua? Ikiwa hakujua, hurudisha bei pamoja na gharama zilizoletwa na mauzo. Ikiwa alijua akanyamaza, hulipa zaidi ya hayo, yaani fidia ya hasara zote zilizompata mnunuzi: gharama ya kuvuta gari, mzigo uliooza, siku za kazi zilizopotea.

Swali hilo la kujua au kutojua ndilo linaloamua pia thamani ya yale maneno "kama lilivyo, bila dhamana". Muuzaji asiyejua kasoro anaweza kujikinga kwa maneno hayo, na mnunuzi aliyetia sahihi amefungwa nayo. Lakini aliyeijua kasoro na kuificha hawezi kujificha nyuma ya mstari alioutunga mwenyewe. Katika Ufaransa na Ubelgiji, zilikotoka kanuni hizi, mahakama zimezoea kumhesabu mfanyabiashara ambaye kazi yake ni kuuza magari kuwa ni mtu aliyejua, kwa sababu ujuzi ndiyo biashara yake. Hoja hiyo wakili mzuri anaweza kuileta hata mbele ya hakimu wa kwetu. Kwa raia wa kawaida anayeuza gari lake moja, hoja hiyo haina nguvu kama hiyo. Kwa hiyo ni heri kujua mapema unanunua kwa nani: kwa mwenye duka, kwa raia mwenzako, au kwa dalali ambaye kesho hutamwona.

Kuna mauzo ya namna moja ambayo hayana dhamana hii kabisa, nayo ni mnada unaofanywa kwa amri ya mahakama. Anayenunua gari hapo ananunua na ubovu wake wote. Bei ya mnada huvutia, lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Tusisahau pia dhamana ya pili, inayowahusu sana ndugu zetu wa Polisi. Muuzaji anadaiwa kumhakikishia mnunuzi kwamba hakuna mwingine mwenye haki juu ya gari hilo. Ikiwa gari lilikuwa la wizi likakamatwa na kurudishiwa mwenyewe, mnunuzi ambaye hakujua anaweza kumgeukia aliyemuuzia na kumdai bei yake.

WAKATI HAUKUNGOJI

Dekreti ya mwaka 1888 haikutaja idadi ya siku. Imesema kwamba mdai afungue madai yake katika muda mfupi, kwa kufuata aina ya kasoro na desturi ya mahali. Ufaransa yenyewe ilibadili maneno hayo mwaka 2005 ikaweka miaka miwili tangu kasoro kugunduliwa. Kwetu sisi, maneno "muda mfupi" ni onyo. Anayegundua ubovu Januari, akaendelea kubeba mizigo hadi Agosti, kisha akaenda kushtaki, asishangae hakimu akimuuliza: ulikuwa wapi?

Ukigundua kasoro, fanya mambo manne, tena haraka.

Simamisha gari. Kila kilomita unayoiongeza ni silaha mikononi mwa muuzaji.

Usilitengeneze wala kulifungua ovyo. Fundi akikwisha kubadili vipuri, ushahidi umetupwa jalalani. Mwite fundi anayeaminika, apige picha, aandike alichokiona na tarehe, atie sahihi. Ikiwezekana, mwalike muuzaji au mtu wake awepo wakati wa kufungua.

Mwandikie muuzaji barua. Eleza kasoro, eleza unachodai, mpe siku za kujibu. Fanya nakala, naye atie sahihi ya kupokea. Akikataa, barua ipelekwe na mjumbe wa mahakama ambaye kazi yake ni kufikisha hati. Mazungumzo ya simu hayana sahihi.

Jaribu mapatano, lakini yaandikwe. Wazee wenye hekima, Bashingantahe wetu, wamezipatanisha nyumba nyingi kabla hakimu hajafungua jalada. Mapatano yakishindikana, peleka shauri mahakamani. Mahakama ya makazi husikiliza madai madogo. Bei ya gari kwa kawaida huyazidi, hivyo shauri huenda mahakama ya juu yake, ile iitwayo kwa Kifaransa Tribunal de Grande Instance. Hapo utamhitaji wakili au mtu anayejua taratibu.

JINAI NA MADAI SI KITU KIMOJA

Hapa twataka kusema na askari polisi kwa namna ya pekee, kwa kuwa wao hupokea wanunuzi wenye hasira kila siku. Mtu akija kituoni akisema, "Mkamate yule, ameniuzia gari bovu," askari ajiulize kwanza: je, hili ni deni au ni kosa la jinai?

Kuuza gari lenye kasoro peke yake ni jambo la madai. Mkataba wa kimataifa wa haki za raia na za kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1990, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Lakini muuzaji akitumia hila ili kupata fedha, kama vile kurudisha nyuma mita ya kilomita, kugushi kadi ya gari au kubadili namba ya chesisi, hapo ameingia mlango wa jinai, na Polisi wana kazi yao. Askari anayezichanganya njia hizi mbili humdhuru yule yule anayetaka kumsaidia, kwa sababu muuzaji aliyekamatwa isivyo halali hugeuka kuwa mlalamikaji.

Na kwa sisi wenye silaha, neno ni moja. Sare haiongezi haki wala haipunguzi haki. Mbele ya mkataba wa mauzo, sajini na mvuvi wa Rumonge wako sawa. Askari anayekwenda dukani na bunduki kudai fedha zake huiacha haki yake mlangoni, kwani kuanzia hapo hatuzungumzii tena gari bovu. Twazungumzia vitisho na matumizi mabaya ya silaha ya taifa, na sheria haitauliza tena injini ilikuwaje.

KABLA HUJATOA FEDHA

Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Dhamana ya sheria ni dawa, bali kinga ni bora. Usinunue mbuzi aliye ndani ya gunia.

Nenda na fundi wako mwenyewe, wala si fundi wa muuzaji. Inua mazulia, funua gurudumu la akiba, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: tope la mafuriko hupenda kujificha hapo. Washa injini ikiwa imepoa, wala usikubali kulikuta imekwisha kupashwa moto. Liendeshe mlimani, si uwanjani tu.

Omba hati za gari tangu lilipotoka. Gari la Japani hutoka na cheti cha kufutwa usajili, nacho huonyesha mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza na kilomita zilizoandikwa wakati huo. Ikiwa cheti kinasema kilomita 140,000 na mita inasema 60,000, usiendelee na mazungumzo. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye chuma na iliyo katika kadi ya gari. Hakikisha katika ofisi ya mapato, OBR, kwamba ushuru umelipwa na kwamba gari linaweza kuandikwa kwa jina lako.

Mkataba uandikwe. Utaje jina la muuzaji, namba ya chesisi, kilomita, bei, na maneno aliyoyasema kwa mdomo: kwamba gari halijapata ajali, halijaingia maji, mita haijaguswa. Muuzaji mkweli hatachelea kuyaandika. Anayekataa amekwisha kukujibu. Fedha zipite benki. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanaonunua Kigoma au Dar es Salaam na kuingiza magari kwa mpaka wa Mugina au wa Kobero wajue kwamba huko sheria ni nyingine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, sura ya 214, nayo inamlinda anayenunua kwa mfanyabiashara, ikitaka bidhaa iwe ya ubora unaouzika. Lakini mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Sheria ya Kenya, sura ya 31, ina msingi wa namna hiyo. Na tatizo kubwa zaidi ni umbali: haki iliyo ng'ambo ya mpaka ni ya kufuatwa kwa nauli.

MWISHO WA SAJINI

Sajini wetu aliandika barua. Muuzaji aliijibu kwa kuonyesha ule mstari wa "bila dhamana". Kilichogeuza mambo ni fundi mmoja kijana wa Buyenzi, ambaye alikubali kutia sahihi kwamba ndiye aliyelikausha gari lile na kubadili vitambaa vya viti, na kwamba aliyemlipa ni muuzaji huyo huyo. Muuzaji alipoonyeshwa karatasi hiyo mbele ya wazee, hakungoja hakimu. Alilichukua gari lake akarudisha bei kwa mafungu matatu, na mapatano yakaandikwa.

Hakupata yote. Ndagala zilizooza hazikulipwa, na miezi minne ilipita bila kazi. Alipoulizwa kama anajuta, alituambia kwamba anajuta jambo moja tu: kutia sahihi kabla ya kusoma. Hakujuta kuiacha sare yake nyumbani.

Leo ana gari jingine, dogo kuliko lile. Tulimwona juma lililopita akipita Magara na abiria wake, madumu ya mawese yakiwa yamefungwa juu. Katika sanduku la mbele, ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza maji, ameweka mkataba wa kurasa mbili. Kila mstari wake ameusoma.